Kurasa Nane za Ishiara

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, mvi zimeshanishika pembeni mwa kichwa, nilipoambiwa kuwa mimi sasa ni mwanagenzi. Nilicheka. Mwanagenzi kwetu Kianjai ni msichana anayeshonea fundi vifungo, au anayefagia nywele saluni akingoja siku atakayoruhusiwa kusuka. Mimi nilikuwa meneja mwandamizi wa umoja wa wakulima wenye maghala kutoka Mikinduri hadi Ishiara. Nilikuwa na ofisi Meru mjini, yenye pazia, na kikombe changu ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukinywea chai.

Lakini mkurugenzi wetu alikuwa anastaafu, na halmashauri ya umoja ilikuwa imesema wazi: atakayekalia kiti chake lazima kwanza apitie uanagenzi wa uongozi, mwaka mzima, papo hapo kazini. Hakuna kwenda chuo. Unafanya kazi yako ya kila siku, ila una mwalimu anayekutazama, na kila unachojifunza unakiandika kwenye daftari. Walisema lengo ni kumtoa meneja kwenye kuzima moto wa leo ili aweze kuona miaka kumi mbele. Mimi niliamini naona hata ishirini. Kiti kile nilikitaka kwa namna ambayo naona haya kuieleza. Nilikuwa nimeshapima kwa macho ukuta wa kutundika picha yangu.

Mwalimu niliyepewa alikuwa mama wa Embu, mstaafu, aliyewahi kuongoza kiwanda cha majani chai. Alikuwa na umbo dogo na sauti ya chini, na sweta haikumtoka hata jua likiwaka. Sote tulimwita Madam. Kikao cha kwanza aliniuliza ni ghala gani silijui.

"Nayajua yote, Madam."

Akanywa chai yake taratibu, macho kwangu.

"Labda Ishiara," nikasema. "Huko sijakaa sana. Kuna joto."

"Basi ni Ishiara. Siku kumi. Utakaa chini ya mama wa stoo."

"Kumkagua?"

"Kumkagua umemkagua miaka yote. Sasa yeye ndiye atakufundisha. Na jioni yeye ndiye atasaini hiyo daftari, si wewe."

Niliinuka pale nimenuna. Ghala la Ishiara nilikuwa nimelizungushia wino mwekundu muda mrefu. Ndengu, ambazo wengine huziita choroko, maghala mengine yangezipokea kwa siku moja, Ishiara ilichukua siku tatu kuzipokea. Magunia yalikawia, lori lilikawia, na kila ripoti iliyopita mezani kwangu ilinionyesha uzembe. Mpango wangu wa miaka mitano ulikuwa tayari kichwani: tufunge Ishiara, tupeleke lori na mashine ya kupima unyevu mara moja kwa wiki, basi. Kwa hiyo nilikwenda kujifunza mahali nilipokwisha kupahukumu.

Mama wa stoo alinipokea mlangoni. Alikuwa mwanamke wa Mbeere aliyenizidi miaka kama kumi, mrefu, mkavu, meno ya mbele yamelika hadi yakawa mafupi. Hakuwa na hofu nami wala hakunidharau. Alinipa koti la kazi la buluu lililonibana kwapani, akaniambia nivue saa.

"Hapa hatuanzi na mizani, Meneja," akasema. "Tunaanza na meno."

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Mkulima akifika na gunia, mama alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu kila mtu anajua kuweka kavu juu na mbichi chini. Alitoa punje chache, akauma moja, akasikiliza. Iliyokauka hupasuka kwa mlio mdogo, inakatika vipande viwili. Yenye maji hubonyea na kubaki imeshikana. Ikiwa bado, hakumfukuza mwenye gunia. Alimwambia azimwage nyuma ya stoo kwenye turubai kubwa la kijani, na mtu akakaa pale akizigeuza kwa miguu, akala alichobeba, akalala kwa jamaa yake sokoni, mpaka ziitikie jino. Zile siku tatu nilizoziandika uzembe zilikuwa hapo juani, zinageuzwa. Nililiona hilo kwa macho yangu siku ya kwanza kabla ya saa sita. Nililiona, na bado sikuliona.

Siku ya pili aliniachia foleni. Niliuma ndengu mpaka taya zikaniuma. Mzee mmoja akaleta gunia, nikazamisha mkono, kwa kweli mpaka kwenye kifundo tu kwa sababu sikutaka kuchafua mkono wa shati, nikauma, nikasema lipite. Mama wa stoo akaja. Akazamisha mkono wake, akauma, akamtazama yule mzee.

"Hii iko na maji. Peleka nyuma."

Mzee hakukasirika hata kidogo. Alifurahi, nadhani, kuona nimenaswa mimi badala yake. "Huyu ni mtu wa ofisi," akawaambia wenzake. "Hayo meno ni ya mkate."

Foleni nzima ilicheka. Mama wa stoo naye alicheka, kidogo tu, huku ameinamisha kichwa. Leo najua kilikuwa kicheko cha mtu anayemcheka mwanafunzi wake, na kwamba kila aliyepita mikononi mwake amechekwa vivyo hivyo. Siku ile nilisikia masikio yangu yakiwaka. Mimi, niliyekuwa naidhinisha mshahara wake, nimevuliwa nguo mbele ya watu waliovaa kandambili!

Jioni nikamwambia nimeitwa Meru kwa dharura. Hakukuwa na dharura. Kisha nikatoa daftari, nikafungua kurasa zilizobaki, na kumwomba azisaini zote.

Akageuza karatasi. "Meneja, hata hizi za siku zenye hazijafika?"

"Hata hizo, mama. Ni fomu tu."

Ni fomu tu. Maneno haya katika ofisi zetu hufungua kila mlango. Kwa maneno haya watu wamesaini kuwa wamehudhuria mikutano ambayo haikuitishwa na kupokea viti ambavyo havikufika. Yeye hakuyazoea. Alipangusa mikono kwenye leso, akaketi juu ya gunia, akaandika jina lake lote, si ufupisho wala mkwaruzo, mara nane, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika akiwa mtu mzima. Ilimchukua muda. Mimi nilikuwa natazama saa niliyokuwa nimeirudisha mkononi.

"Halafu utarudi," akasema akinipa daftari.

"Nitarudi."

Nilifika Embu mjini, nikapanga chumba kwenye hoteli yenye maji ya moto, na asubuhi yake nikaagiza chai na mandazi nikajaza kurasa nane kwa kikao kimoja. Siku ya nne nilijifunza kusikiliza. Siku ya tano nilijifunza subira. Nakumbuka niliandika neno subira, nikacheka peke yangu, nikaomba mandazi mengine. Nimefanya mambo mengi ya kipumbavu maishani, lakini kicheko kile ndicho ninachotamani zaidi nisingekicheka.

Mpango wangu wa miaka mitano uliifurahisha halmashauri. Ulikuwa na ramani yenye rangi na mshale kutoka Ishiara hadi Meru. Walipiga makofi. Ikabaki tathmini ya Madam, ambaye bila sahihi yake hakuna kiti. Tulikaa katika ofisi yangu, daftari mbele yake, akilipekua ukurasa kwa ukurasa.

"Nilimpigia simu yule mama," akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, na niliona yangu imeishia hapo mezani.

"Amekusifu. Amesema siku ya saba jirani yake wa ukuta kwa ukuta alileta ndengu mbichi, yeye akaona haya kumkataa, wewe ukakataa kwa niaba yake, tena kwa adabu. Hukuandika hiyo. Mbona?"

Siku ya saba nilikuwa Meru, nanyoa ndevu kwa kinyozi. Ningeweza kusema. Mdomo wangu ulifunguka kabisa ili useme. Ukatoka uongo huu: "Sikutaka kujisifu, Madam."

Akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akasaini. Mke wangu alichinja kuku watatu. Wazee wa kanisa Kianjai walinisimamisha mbele na kuniombea hekima, na mimi nikaitikia amina kwa sauti.

Barua ya kufunga ghala la Ishiara niliiandika mwenyewe; ilikuwa ya kwanza kuitia sahihi kama mkurugenzi. Mama wa stoo tulimpa zawadi ya kuagana: chupa ya kuhifadhia chai ya moto, nyekundu, yenye maua, na leso mbili. Sikwenda kumkabidhi. Nilimtuma dereva. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi sikuuhisi uzito wake hata chembe.

Kisha ikaja Januari na mvua isiyoalikwa, ndengu zikiwa tayari kuvunwa. Lori lilifika Ishiara kila Alhamisi na ile mashine. Mashine ilisema ukweli wake: mbichi, mbichi, mbichi. Ila haikuwa na turubai, wala ua wa nyuma, wala mtu wa kumwambia mkulima akae angoje. Dereva alikuwa na muda wa saa nne tu. Waliokataliwa walivuka barabara, wakawauzia madalali waliokuwa wamekaa pale na magunia matupu, wakitabasamu. Waliokubaliwa walikuwa wameweka kavu juu. Lori zima lilirudishwa na mnunuzi likinuka uvundo, na barua juu yake ikisema kwamba kwa miaka yote gunia la Ishiara ndilo ambalo hawakuwahi kulifungua kulikagua. Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama. Picha yangu ilikuwa ukutani nyuma yangu.

Nilikwenda Ishiara peke yangu, bila dereva. Nyumbani kwake si mbali na soko. Nilimkuta uani, ameinama juu ya turubai lile lile la kijani, kuukuu sasa, ndengu za majirani zimetandazwa, kila fungu na mwenyewe. Aliponiona alinyooka akashika kiuno.

"Mwanafunzi wangu," akasema. "Umekawia."

Akanipa kiti, akabaki yeye kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa nyekundu yenye maua. Nilikishika kikombe, nikashindwa kukinywa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakawa maneno ya ofisi. Mwishowe nikauliza lile lililokuwa likinikaba kwa mwaka mzima.

"Mama, mbona ulimdanganya Madam?"

Alishangaa kwa dhati. "Mimi? Sikudanganya. Si ulisema utarudi? Mimi nikamwambia vile utafanya ukirudi. Siku ya saba ndio huwa nampatia mtu hiyo kazi ya jirani. Wote nimefundisha, siku ya saba ni hiyo."

Nililia. Sikutoa chozi moja la heshima kama wanaume wa makamo wanavyofanya makaburini. Nililia kwa kamasi. Yeye hakunibembeleza wala hakugeuza uso. Aliendelea kugeuza ndengu kwa mguu mpaka nilipomaliza.

Nikamwambia nimekuja kumwomba arudi, ghala tutalifungua, nitaiambia halmashauri kwamba kosa ni langu.

"Stoo nitarudi, hawa watu wanaumia," akasema. "Lakini zile siku nilisaini ni kumi. Umenifanyia mbili. Jina langu liko hapo juu ya hizo zingine, na si uongo nilikuwa naandika. Utamaliza. Na Madam utamwambia wewe, si mimi."

"Nitamwambia."

"Na kurudi pia ulisema." Akainuka, akaenda kwenye gunia lililoegemea ukuta, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Aliporudi alinifungulia kiganja changu kama mtoto anayepewa dawa, akaweka punje moja.

"Uma."

Niliweka kikombe chini, nikauma, nikasikiliza. Mwaka mmoja nimekaa kwenye kiti cha mtu anayeona miaka kumi mbele. Mama wa stoo alinisubiri, mkono kiunoni.

"Imekauka?"

"Sijui," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika nami kwa mara ya kwanza tangu anifahamu, akageuka akazamisha mkono tena ndani ya gunia kunitolea nyingine.