Majivu kwenye Gari la Baba

Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana nilipoanza kulisugua gari la baba. Niliikumbuka saa hiyo juzi, hapa Kibaha, nilipomwona mtoto akifuta kinyesi cha ndege kwenye boneti kwa kitambaa kikavu.

Siku ile, kule kijijini kwetu Msimbu, baba alikuwa ameliegesha chini ya mkorosho lipate kivuli. Mnunuzi angefika saa kumi, na fedha zake zingempeleka mama kufanyiwa upasuaji wa macho. Lakini popo walikuwa wamelichafua, na hewa ilinuka mabibo yaliyochacha. Nilijua dawa moja tu ya uchafu ulioganda: majivu na makumbi ya nazi, kama tulivyosugua sufuria.

Nilipomaliza, mama alipapasa boneti. "Mwanangu, limetakata mpaka mimi naliona!" akasema, akicheka.

Mnunuzi alipofika, hakucheka. "Mzee, gari hili mmeliosha au mmelipiga msasa?"

Baba aliitazama mikono yangu yenye majivu.

Nimesoma baadaye kwamba kinyesi cha popo kikikauka hula rangi ya gari, kwa hiyo madoa yangebaki hata kama ningetumia maji. Lakini madoa yalikuwa machache. Mikwaruzo ilienea boneti yote, na hiyo ilikuwa yangu.

Fedha hazikutosha upasuaji; mama hakupelekwa hospitali, akapofuka kabisa. Mpaka anakufa aliamini, kama baba alivyomwambia, kwamba injini ndiyo iliyotuangusha. Kwa mikwaruzo ile, bei ilipungua kwa shilingi laki moja na elfu themanini.