Kinu cha Kuazima

Mimi darasa la pili sikulimaliza, lakini hapa Olumbi hakuna aliyejenga kwa matofali kabla yangu. Nilianza na kuuza barafu ya samaki, leo naendesha gari langu. Binti yangu akila uduvi anavimba, basi nikamwagizia dawa ng'ambo ya Ruvuma: sindano ya adrenalini, mfano wa kalamu nene. Mtwara nzima ilipatikana moja. Nani mwingine hapa alikuwa nayo?

Nesi wa Palma alinieleza, nikashika kichwani. "Akiwashwa ngozi tu, mwangalie. Sauti ikikwaruza, kifua kikibana, au akivimba huku anatapika, usingoje. Choma pajani, hata juu ya nguo, kisha umlete hapa hata kama amepata nafuu. Dawa inaisha mwilini, ugonjwa unaweza kurudi."

Kwenye hitima ya arobaini ya mama mkwe wangu, kisamvu kilitwangwa katika kinu cha kuazima kwa jirani. Uduvi haukutiwa, wanawake walimkumbuka binti yangu. Ila kinu kile ndicho kinachotwangiwa uduvi mwaka mzima, na mti hauoshwi ukaisha harufu.

Alikula matonge machache, sauti ikakwaruza kama bata. Midomo ikatuna, akaanza kujishika koo.

"Jini la bahari hilo, shemeji," dada wa mke wangu akasema. "Ngoja tufukize ubani kwanza."

"Kafukize kwako."

Nikachoma juu ya kanga. Muda si muda akavuta pumzi ndefu, na watu wakanitazama kama daktari. Sikukataa.

Nikamlaza garini, mbio kuelekea Palma. Kwenye kizuizi askari akainama dirishani, akaniita bosi kwa Kireno.

"Barabara imefungwa, patrão. Huko mbele kuna habari mbaya. Kesho."

"Wewe unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, patrão. Kesho."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tukarudi kwenye hitima. Jua halijazama, kifua chake kikaanza tena kupiga filimbi.

"Baba," akasema, "ipo nyingine?"

Maisha yangu yote sijamwambia mtu kwamba kitu sina.

"Ipo garini."

Nikaenda. Nikafungua kikasha cha mbele, nikainua viti, nikapekua chini ya zulia, nikarudi kwenye kikasha. Nyuma yangu wanawake wakaanza kumsomea binti yangu Yasini, na mimi nikaendelea kutafuta.