Kiraka cha Bega la Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa shati jipya, nikaambiwa nilizeeshe kabla ya saa sita. Nilikuwa fundi cherehani wa Mikindani, niliyezoea kusifiwa kwa mshono ulionyooka, na maneno hayo yaliniuma. Msimamizi wa mavazi, mama mnene asiyecheka, akanieleza: "Sinema hii ni ya watu waliokufa kweli. Mtu hafi na nguo ya dukani." Basi nikajifunza kuchakaza: kuloweka nguo kwenye chai ya rangi, kusugua kola kwa msasa, kujaza mawe mifukoni hadi mifuko ilegee. Nikajifunza pia mwendelezo, yaani nguo ibaki ile ile kutoka picha hadi picha, kwa kuwa sinema hupigwa vipande vipande kisha huunganishwa. Kifungo kilichokuwa wazi leo kiwe wazi na kesho. Kwa miaka yote sikukosea hata kifungo, na nilijivuna kweli.

Msimamizi alipostaafu nikashika nafasi yake. Kazi ninayoiota hadi leo ni ile ya Changamwe, ya makuli walioangukiwa na ukuta wa ghala. Nilivuka hadi Likoni kwa Bi Mishi, mjane wa mmoja wao, kuomba picha ya mumewe, Hamisi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Picha alinipa, na akanieleza habari za shati la kazi la mumewe alilolitia kiraka yeye mwenyewe, bega la kushoto, panapokaa gunia, kwa uzi wa kijani kwa kuwa mweupe ulikuwa umemwishia. Nilikishona vile vile kwenye shati la mwigizaji wa Hamisi. Wallahi nilijiona bingwa.

Siku ya kwanza ya kupiga picha, kwenye ghala moja la Chaani, huko huko Changamwe, Bi Mishi alikuja kutazama. Ilikuwa alasiri. Mwanga ulipenya matundu ya mabati, vumbi likaelea polepole, nasi tumelegea kwa joto kama watu walioamka usingizini sasa hivi. Mwigizaji akapita mbele yake, mgongo kwake. Bi Mishi akainuka, akamfuata taratibu, akaweka kiganja juu ya kile kiraka.

"Mbona wachelewa, Hamisi? Chai yako yapoa."

Mwigizaji akageuka. Bi Mishi akaitazama sura ile ngeni, kisha akajifunika uso kwa leso. Kamera ilikuwa inakwenda. Mwongozaji, bosi wetu sote, bwana mpole, alikuwa analia, nami nalia. "Hii haiigiziki," alisema. "Ndiyo itakayofunga sinema."

Bi Mishi alinishika mkono. "Mwanangu, watu wasinione hivi. Mwambie."

Nikamwambia. Mwongozaji akajibu bila ukali, "Fundi, huu ndio ukweli wenyewe. Si ndio tuliokuja kuutafuta?" Mpaka leo sijui kama alikosea.

Nikalipeleka shati nyumbani, nikafumua kiraka, nikakihamishia bega la kulia. Hakuna aliyegundua. Tulipiga sinema nzima hivyo, na kipande cha Bi Mishi kikabaki peke yake, kiraka kikiwa kushoto chini ya kiganja chake, hakiungiki na kingine chochote.

Walipoanza kuunganisha picha, mwongozaji aliniita.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na wewe hujawahi kukosea," akasema, akazima kompyuta. Kile kipande kikaachwa nje ya sinema, nami hakuniita tena kazini. Ndivyo nilivyostaafu, ingawa barua haikuandikwa, na ile kazi niliililia.

Nyinyi mnaoishika leo kazi hii ya mavazi mtaambiwa kosa la mwendelezo ni aibu, na ni kweli. Langu ni hilo moja. Sinema ilipoonyeshwa ukumbini Likoni, nilikaa ubavuni mwa Bi Mishi. Alimkazia macho yule mwigizaji mwenye gunia, akaninong'oneza, "Kiraka cha Hamisi kilikuwa kushoto."

"Ndiyo, mama."

"Basi huyu siye."

"Siye."

Akashusha pumzi, akaegemea kiti, akaitazama sinema hadi mwisho.