Fungu la Nyota Lililofukuzwa

Wifi yangu hapendi kuitwa mnajimu. Ukimwita hivyo atakuuliza kama unataka kutabiriwa mume wa pili, na kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, amekaa pale pale. Kazi yake ni kupima mafungu ya nyota. Mimi nina bucha, kwa hiyo nyumbani kwetu mmoja anapima nyama na mwingine anapima mbingu.

Alinieleza tukiwa tunamenya viazi. Galaksi ni jamii kubwa ya nyota, na kando yake huzunguka mafungu, mipira ya nyota kongwe zilizoshikana. Humo pia mna kitu wanachokiita maada ya giza, ambacho hakitoi mwanga wala hakionekani kwa darubini yoyote. Hujulikana kwa mwendo wa mafungu. Yakikimbia sana na bado yasitoroke, na nyota zinazoonekana hazina nguvu ya kuyazuia, basi kuna kingine kinachoyashika. Ukiona kamba imekaza, jua upande wa pili kuna anayevuta.

Galaksi aliyopewa ilikuwa hafifu, yenye mafungu machache tu, na mkataba wake ulikuwa ukingoni. Mama mkwe alikuwa akiomba kila asubuhi mwanawe apate kazi ya kudumu.

Mkuu wake tulimwita Bwana Safi, maana kwake kila kitu lazima kiwe safi: shati, meza, takwimu. Nilimwona siku niliyompelekea wifi chakula, kwa sababu akishaanza kupima husahau tumbo. Chumba kilikuwa na mapazia yaliyofungwa mchana kweupe, na vikombe vya chai vilivyoota ukungu. Bwana Safi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha wifi, akigonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. Hakunisalimu.

"Fungu hili linatuharibia," alisema. "Mengine yote yanakwenda polepole. Tukilitoa hili, galaksi haina maada ya giza hata chembe. Unajua hiyo ni habari kubwa kiasi gani?"

"Tulilichagua pamoja na mengine, mkuu. Rangi yake ni ile ile, ukubwa ule ule."

"Rangi hudanganya. Huyu ni mgeni, anapita njia tu. Mtoe."

"Ikiwa hili limetudanganya kwa rangi, na yale mengine tutayaaminije?"

Wao wana kanuni moja. Fungu huchaguliwa kwa sura kabla mwendo wake haujapimwa, ili mtu asichague kile anachokitamani. Ukishaujua mwendo, mkono mbali. Wifi alimwomba waliache, waandike kwamba moja linakimbia na kwamba bado hawajui kwa nini.

Bwana Safi akamwekea mkono begani. "Jina lako litakuwa la kwanza. Na ile nafasi ya kudumu, mwenye kupendekeza ni mimi."

Nimewaona wauzaji wakiweka kidole kwenye mizani, lakini wale angalau huangalia pembeni. Huyu aliweka chake huku akitabasamu, tena akataka wifi naye aweke cha kwake.

Wifi aliutoa ule mkono begani taratibu, kama mtu anayetoa mdudu. "Basi toa na jina langu," alisema. Akafungua chakula na kuanza kula.

Nafasi alipewa mwingine, kijana mpole anayejua kuitikia. Mume wangu alimwambia dada yake, "Ungekubali tu. Nani atapanda huko juu kukagua? Mkono mtupu haulambwi." Siku ile nilimtengea chakula bila kumsemesha, na alijua kwa nini.

Ripoti ilipotoka, redio ilitangaza galaksi isiyo na maada ya giza, na Bwana Safi akahojiwa kwa sauti ya unyenyekevu iliyonitia kinyaa mpaka nikaizima. Mama mkwe hakuelewa mambo ya majina kutolewa. Yeye alijua tu kuwa ile ni kazi ya mwanawe. Tukiwa mezani mchana, akamtaka mume wangu aisome ripoti kwenye simu. Mume wangu akaruka mahesabu yote hadi mwisho kabisa, penye shukrani, na hapo akalikuta jina la dada yake. Bwana Safi alikuwa akimshukuru kwa jicho lake kali, lililowasaidia kumtambua mgeni na kumwondoa.

Nilisukuma sahani. Nyama yangu mwenyewe ilininukia vibaya.

Mama mkwe alikuwa anatabasamu. "Umeona, mwanangu? Hawakukusahau. Mgeni gani huyo lakini?"

Wifi alikuwa ameshika kijiko, hakuwa anakula.

"Hakuwa mgeni, mama," alisema. "Alikuwa mtoto wa nyumba ile ile. Na sasa wameandika kwamba mimi ndiye niliyemfukuza."