Tumbo la Mbwa wa Shemeji

Shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, alipoondoka kijijini kwetu Mushaki kwenda kutafuta maisha Kampala, alituachia mbwa wake mkubwa, wa ile mbegu ya Kijerumani wanayoiita berje. Mbwa alikuwa na kifua cha ndama, masikio ya askari, na tumbo la mtoto mchanga. Akila maharagi, anaharisha. Akinywa maziwa, anaharisha. Akila kwa pupa kisha akakimbia, tumbo linajaa hewa na tunaanza kumwombea.

Daktari anayetibu ng'ombe wa hapa kwetu alitoa amri: wali laini na nyama ya kuchemsha, kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, na akishakula apumzike. Maharagi na maziwa, marufuku.

Eti wali! Hapa kwetu wali ni wa Noeli na harusi. Lakini niwatendee haki majirani: kilichowauma si wali, ni udogo wake. Kwetu anayekukuta unapakua chakula lazima aonje, na mwanamke anayepakua kidogo ni mchoyo, hata awe anaimba kwaya. Walipoona jitu lile linawekewa viganja viwili vya wali, kesi yangu ilikatwa palepale.

“Mama, uyu imbwa unamufungishaka?” jirani wa ng'ambo ya barabara aliniuliza. “Ata padiri mu Kwarezima anakulaka kumupita.”

Nikaeleza habari za daktari. Akanisikiliza kwa huruma, kama anavyosikilizwa mtu anayetetea ubahili wake kwa kutumia Biblia.

Jumapili moja nilibaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Niliporudi nilimkuta mbwa amesimama uani, mgongo umepinda, mate yanamchuruzika, anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Tumbo lilikuwa limewambwa kama ngoma. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kando yake.

“Iko anakufa,” akaniambia. “Mama, iko anakufa.”

Mume wangu akarukia pikipiki kumfuata daktari. Aliporudi naye, nusu ya watu wa kilima chetu walikuwa wamejaa uani kwetu. Daktari akaligonga tumbo kwa kidole, akainua kichwa.

“Amekula nini?”

Watu wakaanza kutazama viatu vyao.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” nikasema kwa sauti, nikimkodolea macho jirani wa ng'ambo.

“Mi nilimupa tu kabugali kadogo,” akasema.

“Na sisi maharagi, sahani moja tu,” akadakia mke wa katekista. “Ilikuwa inaniangalia vile, ningefanya je?”

Katekista mwenyewe akakohoa. Naye alikuwa amempa sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila mkewe kujua. Mwingine kichwa cha samaki, mwingine ndizi. Mbwa alikuwa amezunguka kilima kizima baada ya misa, na kila nyumba ilidhani ni yenyewe peke yake iliyomwokoa na njaa ya nyumbani kwangu.

Mwisho ikasikika sauti kutoka chini, pale kwa mbwa.

“Na mimi maziwa,” mama mkwe akasema. “Namupatiaka kila asubui.”

Daktari akamwambia mume wangu ashike taya, akapitisha mpira kooni taratibu, akisikiliza. Hewa ikatoka. Uvundo wake ulitawanya umati kuliko mvua ya mawe, na katekista alikuwa wa kwanza getini. Mbwa akalala ubavu, akaanza kupumua kama kiumbe wa kawaida.

“Leo tumbo haikujipindua,” daktari akatuonya. “Siku ingine ikijipindua, mupira haitamusaidia. Atakufa.”

Walipoondoka wote nilibaki na hasira inayotokota. Nilikuwa na maneno ya kumwambia mama mkwe, tena nilikuwa nimeyapanga. Alikuwa bado amekaa chini, kichwa cha mbwa mapajani.

“Mutoto yangu iko mbali,” akasema kabla sijafungua kinywa. “Akipiga simu namuuliza, ulikula? Ananijibu, ndiyo mama. Nitajua je kama ni kweli? Uyu ndiyo nilikuwa naona na macho yangu akikula.”

Niliona aibu, na nilimpenda mwanamke yule kuliko siku yoyote tangu niolewe. Jioni, saa ya chakula aliyoiruhusu daktari ilipofika, nilipika wali mdogo, nikamkabidhi sufuria na kumwambia kuanzia leo kazi hii ni yako, Mama, lakini kidogo kidogo.

Akamlisha kwa mkono, tonge moja moja, akingoja kila moja lishuke. Jirani alipochungulia uani na ndizi, mama mkwe alimfukuza, yeye ambaye sijawahi kumwona akimnyima mtu chochote. Kisha akamgeukia mbwa, akamwambia ale polepole, na akamwita kwa jina la mwanawe. Mbwa akatikisa mkia. Mimi nikachukua kidumu, nikaenda kuteka maji.