Breki ya Keltuma haitaki kukauka

Bihi Outaleb anabana mkono wa breki, anachungulia gurudumu la nyuma, anabana tena, kisha anatukana kimoyomoyo kwa sababu mbele yake amesimama mama wa watu. Kalipa, ile inayobana diski, imelowa mafuta. Tena! Paipu alibadilisha. Sili, vile vipira vya kuzuia mafuta, akaweka mpya. Hewa akaitoa yote. Na bado imelowa.

"Fundi gani wewe?" mama huyo, Lalla Tuda, anamuuliza, mikono kiunoni. "Hata kuku wangu angeitengeneza hii!"

Kibanda cha Bihi kiko chini ya ukuta wa mji wa Taroudant, Moroko. Zamani baiskeli zote hapa zilikuwa na breki za waya, na maisha yalikuwa matamu. Siku hizi kila aliye na mtoto Ufaransa anatumiwa baiskeli ya milimani yenye breki za mafuta, na balaa zote zinaishia kwa Bihi.

"Wanaifunga juu ya teksi miguu juu, hewa inaingia," analalamika. "Wanatoa gurudumu halafu wanachezea mkono wa breki, pistoni zinachomoka. Mwingine anajaza mafuta ya breki za gari, sili zinavimba, yanavuja kama bomba la msikitini. Halafu mjinga ni mimi!"

Siku ikiwa nzuri anapata dirhamu mia na hamsini. Kwa baiskeli hii hajapata kitu tangu ile mara ya kwanza, ilipokuwa inavuja kweli. Anairudia bure, kwa aibu.

Mwenye baiskeli ni Keltuma, binti wa Lalla Tuda. Kijiji chao kiko juu mlimani, sekondari iko bondeni, basi hakuna. Mwezi uliopita breki ilimkatalia konani, akaenda kutua kwenye mipungate. Mama yake alishinda kutwa akimtoa miiba mgongoni.

Leo Lalla Tuda amekuja na uamuzi. "Ikivuja tena, shule basi. Atakaa nyumbani apasue kokwa za argani za kukamua mafuta, kama mimi. Bora mjinga mzima kuliko msomi maiti."

Keltuma amesimama kando ya mama yake. Ameng'ang'ania usukani, macho yako chini.

Bihi anapitisha kidole kwenye kalipa, ananusa. Ananusa tena. Haya si mafuta ya breki. Haya yananukia kifungua kinywa, kama yale ya kuchovya mkate.

"Lalla, samahani. Hii ni argani?"

"Ndiyo!" anajibu kwa fahari. "Tena yale mazuri ya kuuzia wageni. Kila jioni nalipaka hilo sahani la chuma lisishike kutu. Lilikuwa linapiga kelele, nikalinyamazisha."

"Ya Rabbi!" Bihi anatupa tambara chini. "Nimekesha natafuta tundu ambalo halipo! Mafuta yanakaa ndani ya paipu, Lalla, ndani! Huku nje pawe pakavu kabisa. Ukipaka diski, pedi za breki zinanywa mafuta, gurudumu halishikiki, mtoto anateremka kama jiwe!"

Angeendelea, lakini Lalla Tuda ameshakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anaitazama mikono yake.

"Kwa hiyo ile siku ya mipungate... nilikuwa mimi?"

Maneno makali aliyoyaweka akiba wiki nzima Bihi anayaacha, anainama kuokota tambara.

"Mama, hukujua," anasema Keltuma.

"Nyamaza wewe," anasema mama, na machozi yanamtoka.

Bihi anaosha diski kwa spiriti, anatupa pedi zilizolowa, anafunga mpya. Kisha anampandisha Keltuma, anamwambia aende na kurudi kando ya ukuta, afunge breki, aachie, afunge tena, mpaka pedi zishike sawasawa. Anamwonyesha jinsi ya kutambua uvujaji wa kweli: mkono wa breki unalegea, unagusa usukani. Alhamisi atamfundisha kutoa hewa mwenyewe.

"Itashika?" anauliza Lalla Tuda.

"Itashika. Lakini itapiga kelele."

"Ipige. Nataka niisikie toka juu mpaka shuleni."

Na Bihi mwenyewe anamtakia nini Keltuma? Anacheka kwa uchovu. "Huyu binti apasi mtihani mwakani, aende chuo Agadir, mbali, ambako mama yake hawezi kufika na chupa."

"Nitafika," anasema Lalla Tuda, akijifuta macho. "Ila mikono mitupu."