Usukani Niliokataa Kumrekebishia Mke Wangu

Kosa ni langu. Naanza hapo hapo ili msisome huku mnamtafuta mwenye makosa. Si shetani, si mchanga, si mashine. Ni mimi!

Jina langu silitaji, na la mke wangu nimelibadilisha. Nitamwita Maimuna. Sisi ni watu wa Mombasa tunaoishi Riyadh. Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi katika kampuni ya ujenzi, na yeye alikuwa mtu wa maabara kwenye kliniki moja ya binafsi, kazi yake kuchukua damu za wagonjwa. Siku hizi, mwaka huu wa 2008, pesa za mafuta zimewalevya watu hapa. Kila ukigeuka ni winchi na jumba jipya, na kila jumba linataka baridi. Kazi tele, alhamdulillahi.

Lakini nataka mumjue Maimuna alivyokuwa kwetu. Alikuwa akiendesha pikapu ya mikate ya baba yake. Watu hawajanywa chai, yeye ameshamaliza Kisauni yote. Alikuwa akirudi kinyumenyume kwenye vichochoro ambavyo mie ningeogopa kuingia hata na mkokoteni. Ndivyo nilivyomwona mara ya kwanza, na ndicho nilichompendea, wallahi!

Huku mwanamke haruhusiwi kuendesha gari. Akawa mtu wa kupelekwa na kurudishwa. Asubuhi basi la kliniki, jioni basi la kliniki, Alhamisi na Ijumaa, wikendi ya huku, mimi. Hakulalamika. Ila tukiwa barabarani nilikuwa nikiuona mguu wake wa kulia ukikanyaga breki ambayo haipo.

Sasa, jangwani ni mambo mengine. Ukitoka nje ya mji, kwenye vilima vya mchanga mwekundu, kuna zile pikipiki za magurudumu manne. Waarabu wa hapa huziita dababu. Kule hakuna anayemuuliza mwanamke kitu. Anapanda, anakwenda.

Msimu mmoja wa baridi tulitoka na Wakenya wenzetu, tukakodi mbili. Nilijaribu kupanda kilima kimoja, mashine ikazama katikati, nikashuka nikaisukuma. Maimuna akajifunga abaya vizuri, akakaa, akakiangalia kidogo kile kilima, kisha akaenda. Akapanda mpaka juu! Akageuka, akashuka, akapanda tena!

Rafiki yangu Kassim, tunayefanya naye kazi, akapiga kelele: "Shemeji ndiye dereva! Bwana harusi ni abiria!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka, lakini cheko langu lilikuwa la meno tu. Hapo ndipo uchafu ulipoanza kuniingia.

Basi. Kuna bosi mmoja, nyumba yake iko Al-Malqa, mimi ndiye ninayemtengenezea mitambo yake. Wanawe walinunuliwa dababu mpya, zile mbili za zamani zikabaki zinapigwa jua uani. Akaniambia, "Chagua moja, ni yako. Mafi mushkila, hakuna tabu." Nikamchukua Maimuna twende tukachague pamoja.

Moja ilikuwa fupi, kiti kipana, ina pa kuegemea mgongo. Nyingine ilikuwa ndefu, nyekundu, kiti chembamba, springi ngumu, ya watu wa mashindano. Maimuna akakaa kwenye ile fupi. Miguu ikatulia, mikono ikafika. Akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu tuje nchi hii.

"Hii," akasema.

Madam wa ile nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwa Kiarabu, "Mkeo anajua. Mimi mwenyewe hupanda hiyo. Ile nyekundu iliwahi kumvunja mwanangu jino."

Nikasema nitachukua nyekundu.

Kwa nini? Nilimwambia Maimuna ina injini imara zaidi. Uongo! Niliichukua kwa sababu miguu yangu ni mirefu, na mkononi mwangu ilikaa vizuri. Na kwa sababu nilijua yeye itamshinda.

Siku ya kwanza tu jangwani akaanza kusema. Si kulalamika, kusema tu, kama mtu anayejua gari. "Usukani uko mbali, nauinamia kama natafuta pete iliyoanguka. Na hiki cha moto hakinifikii."

Kwa wasiojua, dababu haitiwi moto, yaani kuongezwa kasi, kwa mguu. Kuna kidude kwenye usukani, upande wa kulia, unakisukuma kwa kidole gumba. Mkono wa Maimuna ni mdogo. Kukifikia ilibidi akunje kiganja chote kwa upande, na akifanya hivyo vidole vingine vinaiachia breki.

Nikamwambia, "Imetoka kiwandani hivyo. Wewe ndiye wa kujirekebisha."

Ndugu zangu, mimi ni fundi! Najua kabisa kwamba usukani ule una nati zake chini, unazilegeza, unauvuta nyuma, unakaza. Kile kidude nacho kinasogezwa. Springi zinalegezwa kwa kuzungusha pete yake. Ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Vifaa vyote vilikuwa kwenye buti la gari!

Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu ya kishenzi. Akipanda kidogo atachoka. Akichoka atashuka. Akishuka, nitapanda mimi, na watu wataniona.

Na kweli ikawa hivyo. Kila wikendi anazunguka kidogo, anarudi akijisugua kiganja. Mgongo unamuuma. Kidole kinakufa ganzi. "Hujalegeza tu mwili," ninamwambia. Ama, "Ukizoea utaona." Akizidi kusema ninakasirika mimi! Ninamfokea mbele ya watu, eti anadeka! Nilikuwa nikirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, na mwenyewe sijui nimemkasirikia nani.

Kassim aliwahi kuniuliza, "Mbona shemeji siku hizi hapandi vilima?"

Nikamjibu, "Ile ya kwanza alibahatisha."

Maimuna alisikia. Akaweka kikombe chini, akaenda kwenye mashine. Nilimwona akielekea kile kilima kirefu. Ningeweza kumwita. Ningeweza kumwambia, subiri, nikurekebishie. Nilikaa.

Alifika karibu na kilele. Pale juu ni lazima upunguze moto, mchanga upande wa pili umekatika kama ukuta. Nikaona mashine haipungui. Kidole kilikuwa kimekakamaa kwenye kile kidude, na vidole vingine havifiki breki. Gurudumu la mbele likainuka, mashine ikalala ubavu, naye akaangukia mkono wa kulia.

Nilikimbia. Na mnajua neno la kwanza lililonitoka kinywani ni lipi? Si pole. Si umeumia wapi. Nilisema, "Nilikwambia usipande pale!"

Wala sikuwa nimemwambia!

Mkono ulivunjika kwenye kiungo cha kiganja. Akafungwa plasta. Kwenye kliniki wakamvumilia, wakamweka mapokezi apokee simu, maana mkono uliokuwa ukipata mshipa wa mtoto mchanga sasa haukuweza kushika hata kalamu. Mimi nilipika, nilifua, nilimfunga viatu. Watu wakanisifu, mume mwema yule! Na mimi nikazipokea sifa.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipojimaliza.

Baridi ilipokaribia kwisha tulitoka tena. Maimuna hakutaka kubaki peke yake, akaja na plasta yake, akakaa mkekani, anamimina chai kwa mkono wa kushoto. Kassim akaomba kupanda ile nyekundu. Kassim ni mfupi, kimo chake na cha Maimuna ni kimoja. Akakaa, akanyoosha mikono, akasema, "Ah, bwana, huu usukani uko mbali! Na huku kwenye moto sifiki."

Wallahi sikufikiri. Nilikwenda kwenye buti, nikachukua spana. Nikalegeza nati, nikauvuta usukani nyuma. Nikakisogeza kile kidude. Nikainama nikalegeza springi, huku napiga mluzi!

"Jaribu sasa."

"Ahaa!" Kassim akaruka ruka kitini. "Sasa hii ni sofa!"

Nikageuka. Maimuna alikuwa ameishika chupa ya chai hewani, hamimini.

"Kumbe inarekebishika," akasema.

Kassim hakujua kitu, masikini. Akamwambia, "Inarekebishika shemeji, mbona rahisi! Huyu bwana ni fundi bwana!"

Nikasema, "Maimuna, hili nimejifunza juzi tu, kazini."

Uongo mwingine! Juu ya plasta!

Akanitazama. Hakupandisha sauti. "Wewe ni fundi," akasema. Akafunika chupa.

Njia nzima kurudi mjini aliipakata ile chupa. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane! Nyumbani akakunja nguo zake kwa mkono mmoja. Nilipotaka kumsaidia akasema, "Wacha. Nitajirekebisha mwenyewe."

Akaenda Jeddah kwa shangazi yake, aliyeolewa na watu wa Kizanzibari waliohamia huko baada ya mapinduzi. Wanakaa Al-Baghdadiyah, juu ya duka la vitambaa. Nikawa napiga simu. Shangazi anapokea: "Mwanangu, amelala." Adhuhuri, amelala! Alasiri, amelala! Nikakasirika, nikagonga ukuta, nikajiuliza kwani nimeua? Kisha nakumbuka ule mluzi niliokuwa nikiupiga, nakaa chini.

Mwishowe nilipakia ile mashine kwenye pikapu ya kazini, nikaenda Jeddah. Mwendo wa kutwa nzima. Shangazi alifungua mlango, akaangalia chini barabarani, akaona mzigo. "Umemletea hiyo tena?" akasema. "Huna haya?"

"Ninayo, shangazi. Nataka nimrekebishie."

Nilidhani Maimuna atakataa. Alishuka. Plasta ilikuwa imetolewa, mkono umekonda, hauzunguki vizuri. Tukatoka nje ya mji sisi watatu, shangazi kwenye gari na tasbihi yake.

Nikamkalisha; usukani nilikuwa nimeshaurudisha kwa urefu wangu baada ya Kassim. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza hata siku moja: "Inakuuma wapi?"

"Hapa. Uvute nyuma."

Nikauvuta.

"Bado."

Nikauvuta tena.

"Umezidisha. Rudisha kidogo. Na kiti kinanichoma hapa." Nikaweka sponji. "Kidole sasa kinafika, lakini kiganja kinapinda. Geuza." Nikageuza. Jua linachoma, jasho linaniingia machoni, na kila nikikaza ananiambia nilegeze. Sikuchoka. Mwishowe akavuta pumzi, akasema, "Hapo."

Akaenda. Taratibu kwanza, kisha nikausikia moto ukipanda. Alizunguka mbali, akawa nukta, akarudi. Uso wake ulikuwa ule ule wa Al-Malqa siku alipokaa kwenye ile fupi. Nikajiambia, ya Rabbi, nimesamehewa!

Akazima injini.

"Hivi ndivyo ilivyotakiwa iwe tangu siku ya kwanza," akasema.

"Ndiyo."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Na mkono wangu ungekuwa mzima."

"Ndiyo, Maimuna."

Akashuka, akajipangusa mchanga. "Haya. Nirudishe kwa shangazi."

Halas. Hakuna zaidi. Hatujaachana, lakini hatukai pamoja. Jamaa za shangazi walimpatia kafili mwingine, yaani mdhamini wa kazi, ikama yake ya kuishi nchini ikahamishwa, sasa yuko ofisini kwenye shule moja ya watoto huko Jeddah. Damu hachukui tena. Daktari amesema kiganja kile hakitarudi kama zamani. Tukizungumza kwenye simu ananiuliza kama nimekula, namwambia nimekula, tunaagana.

Mashine nilimwachia. Nasikia hupanda na mabinti wa shangazi. Mimi nakaa Riyadh peke yangu nikiwarekebishia watu wengine baridi zao, wakisema hapa joto, hapa kali sana, na mimi nawaitikia labeka bosi, hadhir madam, mara moja! Wageni kabisa! Hao nawaamini wakisema hawako sawa.

Wewe unayesoma, mwenzako akikwambia kitu kinamuuma, usimfundishe mwili wake. Amini tu, inuka ukafanye. Na kama ulijua tangu mwanzo, kama nilivyojua mimi, usingoje mpaka aone kwa macho yake. Mwambie leo! Mimi nilikuwa na wikendi nyingi za kumwambia. Kila wikendi nilikunja mkeka, nikapakia gari, nikanyamaza.